Obadia wa Tanuri la Nne

Jeneza la mwanamume niliyempenda nimelishonea kitambaa cha ndani mimi mwenyewe. Ndiyo kazi yangu. Seremala anapiga mbao, mimi napanga pamba, navuta satini na kushona mto wa kichwa. Safari hii seremala alinihurumia, akasema atamtafuta fundi mwingine kwa kuwa marehemu ni kaka yangu. Nikamwambia aache maneno, alete jeneza. Mto niliufumua nikaushona upya, maana ulikuwa mgumu, na yule bwana hakuwahi kupenda mto mgumu. Alikuwa akiulalamikia hata ule wa kwenye kochi langu, Jumapili alipokuja kunitembelea na mkewe na watoto.

Kaka yangu! Baba zetu hawakuwa ndugu, mama zetu hawakujuana. Tulichokuwa nacho pamoja ni jina la ukoo tu: Obadia.

Alikuwa fundi redio, na redio yetu iliharibika mara nyingi sana mwaka ule kwa sababu nilikuwa nachomoa waya mwenyewe. Alipotuma mshenga, baba yangu aliuliza huyo kijana ni wa ukoo gani. Aliposikia Obadia, akaweka kikombe chini. Ingekuwa Yakobo au Yohana asingeshtuka, majina hayo yamejaa kila mtaa. Lakini Obadia mji mzima tulikuwa sisi tu, na sasa wamejitokeza hao wengine. Mababu walishakufa zamani, hakuna wa kuulizwa.

"Damu ni damu," baba alisema. "Nenda kamsalimie kaka yako."

Wazee wa pande zote mbili walifurahi kupita kiasi. Wakapika, wakala pamoja, wakamshukuru Mungu kwa kuwakutanisha ndugu waliopoteana. Sisi wawili tulikaa kila mtu kona yake.

Baadaye alioa. Mimi niliolewa, nikaachika, wala sikulia sana. Mkewe akaniita wifi, tena wifi wa kweli, wa kuuguziana na kutunziana siri. Watoto wake wakaniita shangazi. Yeye mbele za watu aliniita dada. Tukibaki wawili hakuniita chochote.

Leo asubuhi, jeneza likiwa katikati ya sebule, aliingia bibi mmoja mkongwe akishikiliwa mkono. Ni shangazi wa marehemu, aliyeolewa mbali kabla sisi hatujazaliwa. Akaketishwa karibu nami kwenye viti vya ndugu. Akanitazama weee.

"Wewe ni wa nani, mwanangu?"

"Wa Obadia, bibi. Babu yangu alifanya kazi kwenye matofali."

"Ahaa! Tanuri la nne!" Akachangamka kama mtu aliyeokota kitu chake. "Nilimjua. Mfupi, ana kelele."

Ndipo akanieleza, kwa sauti ya chini, ya msibani. Pale kiwandani kila tanuri lilikuwa na kundi lake la wabebaji. Siku ya ubatizo walipangwa hivyo hivyo, kila kundi na mstari wake, na mhubiri alikuwa mgonjwa wa homa, hana nguvu ya kumtafutia kila mtu jina. Akafungua Biblia kwenye manabii wadogo, akagawa kwa mstari: tanuri la kwanza wote Hosea, la pili Yoeli, la tatu Amosi, la nne Obadia.

"Wa tanuri la nane wakaitwa Habakuki," bibi alisema. "Walinung'unika, lakini wapi! Watoto wao wakalibeba, na wajukuu wakalibeba."

"Kwa hiyo babu zetu..."

"Babu yako alitoka milimani, baba yangu alitoka bondeni. Walikutana pale pale kwenye matofali, hata lugha walikuwa hawasikilizani. Udugu gani? Walichangia vumbi tu. Kwani mlikuwa hamjui?"

Nilimchukia bibi yule kwa kuwa hai, nikamchukia baba yangu kaburini, na kile kikombe chake. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Sawa, lakini sisi tulikuwa na kiu.

Mjane akaniita kutoka upande wa pili. "Wifi, njoo unishike."

"Wifi?" bibi akashangaa. "Lakini huyu si—"

Nikamkamata mkono. "Bibi, nakuomba. Nyamaza."

Akanikazia macho, na macho yangu sikuweza kuyaficha. "Mlitakana?" akanong'ona.

"Tulitakana. Wakatukataza kwa jina hilo."

"Masikini! Basi acha niseme, wajue walichowafanyia."

"Ukisema, mimi nitakaa wapi?"

Hakunielewa mara moja, nikamwonyesha kwa kidevu. Hapa walikaa ndugu, karibu na jeneza, wanaoruhusiwa kumgusa na kufunika uso wake. Kule nje, chini ya turubai, walikaa majirani, wateja na mafundi. Jina lilininyang'anya mume, lakini ndilo lililonipa kiti hiki. Nikilivua leo, nabaki mshona majeneza anayelia kupita kiasi kwa ajili ya mume wa mtu.

Bibi akautomasa mkono wangu. Kisha msimamizi wa mazishi akasimama mlangoni.

"Akina Obadia, sogeeni mumuage ndugu yenu kabla hatujafunga."

Bibi akajiinua wa kwanza, akanivuta.

"Haya, mwanangu," akasema, na safari hii kwa sauti ya kusikika sebule nzima. "Nenda kamuage kaka yako."

Nikaenda. Nilimpitia mjane, nikamshika kiuno, tukasimama pamoja kando ya jeneza. Mto ulikuwa umekaa upande kidogo, nikauweka sawa. Nikamfunika uso, nikasema, "Kwaheri, kaka," ili wote wasikie.