Firigisi Moja, Wakwe Wawili

Marie-Claire alichakura mchuzi kwa mwiko kwa mara ya tatu, akakubali yaishe. Kuku walikuwa wawili, firigisi ilikuwa moja.

Kuku hao aliwafuata mpaka Edgware Road, kwa sababu wale wa madukani kwao Harrow huuzwa wakiwa weupe, matumbo yamekombwa, utadhani hawajawahi kula kitu tangu kuzaliwa. Mchinjaji alimwahidi firigisi mbili. Yeye, badala ya kuchungulia mfuko, akanogewa na mazungumzo ya jua la Aprili lililowachoma watu wa London mwaka ule wa 2007 kama vile wako Bukavu.

Siku nyingine angecheka tu. Lakini Jumamosi hiyo sebuleni walikaa wakwe. Kijana Ulrich alikuja na baba yake, Papa Zéphyrin, kumposa Plamedie, mjukuu wa Marie-Claire. Kreti ya vinywaji waliyokuja nayo ilikuwa katikati ya zulia, bado imefungwa. Na desturi yao ni hii: baba wa binti akifungua chupa moja, posa imepokelewa. Asipofungua, wageni hubeba kreti yao na kurudi nayo, na majirani huiona ikitoka.

Baba wa binti alikuwa Anselme, mwanawe Marie-Claire, aliyefanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Papa Zéphyrin alikuwa na kampuni ya usafi yenye magari matatu. Wote wawili walipitia Ufaransa kabla ya kuja Uingereza, wakapata uraia huko, na kesho yake wote wangekwenda kupiga kura Kensington, kwenye shule ya Wafaransa, kumchagua rais wa Ufaransa. Mwiba ulikuwa hapo.

"Kesho unampa nani, Papa Anselme?" Marie-Claire alimsikia mgeni akiuliza, kwa sauti ya kupitisha muda.

"Wasoshalisti, kama siku zote. Chama cha mfanyakazi."

"Ayi! Chama cha kumlipa mtu alale! Mimi ni UMP, mrengo wa kulia. Anayeamka alfajiri ale jasho lake."

"Jasho lake, au la wale akina mama wanaomsukumia mafagio?"

Kisha Marie-Claire akasikia kiti kikisogezwa.

"Ulrich," alisema Papa Zéphyrin, "shika kreti upande ule."

Plamedie akaja mbio jikoni kwa bibi yake, hereni zikimcheza. "Koko, please! Fanya kitu!"

"Pole pole, mama. Nifungulie mlango."

Marie-Claire aliingia na sinia. Juu ya bugali na kuku aliweka kisahani kidogo, na juu ya kisahani ile firigisi, peke yake. Papa Zéphyrin, ambaye mkono wake ulikuwa tayari kwenye kreti, akaitazama. Anselme naye akaitazama. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, lakini mkwe akija ni ya mkwe, na hakuna mtu wa kwao asiyelijua hilo.

"Kosa ni langu," alisema Marie-Claire. "Nilinunua bila kuangalia. Basi nyie mnaojua vyama, kaeni mniambie. Wale Wafaransa wangeigawa vipi hii?"

Watu hawaondoki mbele ya mama mzee aliyeshika sinia. Papa Zéphyrin akakaa, nusu ya kiti.

"Wakomunisti," alianza kwa kununa, "wangesema firigisi si ya mtu, ni ya sufuria. Ikatwe sawasawa, kila mmoja apate kipande kama ukucha."

"Na wasoshalisti," alidakia Anselme, "wangekuachia uile, ila ummegee asiyenacho."

"Ummegee, ummegee, mpaka ubaki unalamba kisahani! UMP tunasema aile aliyemnunua kuku."

"Basi ni yangu," alisema Marie-Claire, akanyoosha mkono. Anselme akacheka kabla hajajizuia.

"Wale wa mazingira, les Verts, wangeuliza kwanza kuku alilelewa wapi, na kama alipata nafasi ya kutembea," alisema.

"Wakimaliza kuuliza, chakula kimepoa!" Papa Zéphyrin sasa alikuwa ameenea kwenye kiti.

"Na wale wa FN, wasiotaka wageni?" aliuliza Plamedie kutoka mlangoni.

Wazee wakatazamana.

"Hao wangeuliza nani kazaliwa ndani ya nyumba hii," alisema Anselme.

"Hapo, mkwe, mimi na wewe tungekula nje, karibu na pipa la taka."

"Tukiwa tumekalia kreti yako."

Wakacheka pamoja, mpaka Papa Zéphyrin akatoa leso. Halafu, kama waliopanga, wakamgeukia Ulrich, aliyeketi katikati yao na shati lililolowa mgongoni.

"Na wewe, kijana? Kesho?"

"UDF," alisema Ulrich kwa sauti ndogo.

"Wale wa katikati!" alipiga kelele Anselme. "Binti yangu aolewe na mtu asiye na upande?"

"Nimemsomesha," alisema Papa Zéphyrin, "na haya ndiyo malipo!"

Ulrich alichukua kisu, akaikata firigisi katikati, akainuka, akampa kwanza mkwe wake nusu yake, kwa mikono miwili, kisha baba yake nusu nyingine, vilevile.

"Baba ana neno la kweli," alisema, "na Papa Anselme ana neno la kweli. Mimi siwezi kulitupa hata moja."

"Na wewe umebaki na nini?" aliuliza Anselme.

"Papa, mimi sikuja kutafuta firigisi."

Mlangoni Plamedie akaficha uso kwa kitambaa cha vyombo. Anselme alitafuna taratibu, akimwangalia kijana juu mpaka chini, kana kwamba amemwona leo. Akameza.

"Mama," alisema, "opena iko wapi?"

Ilikuwa mfukoni mwa aproni yake tangu asubuhi. Marie-Claire akampa, na kizibo cha kwanza kikaruka mpaka chini ya kochi.

"Nikupitie na gari kesho?" aliuliza Papa Zéphyrin, glasi mkononi. "Foleni ya Kensington ni ndefu."

"Nipitie. Kura yangu ikaifute yako."

"Tufutane tu, mkwe. Lakini mafuta ya gari tutachangia."

"Umeona?" alisema Anselme. "Umeanza kuwa msoshalisti."