Ng'ombe Watano, Vizimba Sita

Nyanjige hakuwahi kusikia watu wazima wakiomba kufungiwa. Yeye alikuwa mpishi wa kantini iliyo jirani na ofisi za serikali kule Lagangabilili, na wateja wake wawili, mwanasheria Gregory na Joyceline wa utumishi, walikuwa wameizungumzia wiki nzima safari ya kwenda Bariadi kucheza mchezo wa kufungiwa ndani. Mwenzao wa tatu aliposhikwa na malaria, wakamgeukia yeye, maana mchezo ulihitaji watu watatu.

"Tunafungiwa halafu tunafanya nini?" aliuliza wakiwa garini, njia nzima ya kwenda Bariadi.

"Tunatafuta namna ya kutoka, mama," Gregory alimjibu.

"Na aliyetufungia anapata nini?"

Joyceline alicheka. Nyanjige hakucheka, alitaka kujua kweli.

Mahali penyewe palikuwa ghala la zamani la pamba. Mlangoni alisimama kijana mrefu, Mayige, mwenye mchezo wake. "Mwangaluka, mayu," alimwamkia Nyanjige kwanza, kwa Kisukuma, kama mtu anayemwamkia mama yake, kisha akawasimulia hadithi. Zimwi liliiba ng'ombe wa kijiji kizima, likawaficha pangoni. Wanaume waliogopa. Mwanamke mmoja, mke wa mtu, akafuata kwato mpaka huko, akarudi na ng'ombe wote aliowakuta hai. "Wapangeni walivyotoka pangoni, na mlango utafunguka. Mna saa moja." Komeo likalia nyuma yao.

Ndani kulikuwa pango hasa, kuta zimepakwa udongo mpaka juu. Kulikuwa na jiko la mawe matatu, chungu kikubwa, ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa sakafuni na kengele iliyokatika kamba. Kando ya mlango wa kutokea vilipangwa vizimba sita vya miti, kimoja mbele ya kingine. Na kulikuwa na ng'ombe wa kuchonga, wanaomfikia mtu kiunoni. Gregory akawahesabu mara mbili.

"Watano. Mmoja amefichwa."

Basi wakamtafuta wa sita. Joyceline aliingiza mkono chunguni, akatoka na masizi mpaka kwenye kiwiko. Gregory aligonga kuta, akapanda juu ya jiko, akachungulia darini. Saa ya ukutani ikala nusu ya muda wao.

Nyanjige hakutafuta kitu. Alikuwa amechuchumaa mbele ya wale ng'ombe, akishangaa. Baba yake kule Migato hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo yeye ndiye aliyechunga mpaka alipoolewa. Aliyewachonga hawa aliwajua ng'ombe. Huyu alikuwa na kiwele kilichojaa na shingo iliyogeuka nyuma: ana ndama mchanga, hawezi kwenda haraka. Huyu mtamba, shingo juu, hupenda kukimbilia katikati. Fahali huyu hapa, naye hukaa nyuma siku zote. Akawakokota mmoja mmoja, akawapanga. Lakini mbele kabisa kikabaki kizimba kitupu, na mlango haukutikisika.

"Sasa huyo wa mbele ndiye tunayemtaka," alisema Gregory, jasho likimtoka. "Yuko wapi?"

Nyanjige aliiokota ile kengele. Akaigeuza mkononi, kisha akaitazama ngozi aliyokuwa ameikanyaga tangu walipoingia.

"Ameliwa," alisema.

"Nani?"

"Ng'ombe mkuu. Yule mzee anayevaa kengele na kuongoza wenzake. Zimwi lilimla kwanza. Ngozi yake si hii hapa?"

Wote watatu wakaitazama. Joyceline akarudi nyuma hatua moja, kana kwamba damu bado mbichi.

"Kwa hiyo nani anaongoza?" aliuliza.

Hilo ndilo lililomkaa Nyanjige kichwani. Alikuwa na miaka kumi na miwili ng'ombe wao mkuu alipokufa kwa kuumwa na nyoka mbugani. Waliobaki walisimama wakimzunguka, hawaendi mbele wala nyuma. Alichapa, akapiga mluzi, akalia. Mwisho alichoka, akaanza kwenda nyumbani peke yake, na aliposikia kwato nyuma yake hakuthubutu hata kugeuka.

Akaingia kwenye kizimba cha kwanza na kusimama. Ubao ukadidimia kidogo chini ya uzito wake. Mlango ukafunguka.

Gregory alipiga kelele kama mtu aliyeshinda kesi. Mayige alikuja mbio, macho yamemtoka.

"Wiki tatu tangu nifungue, mayu! Hakuna aliyetoka bila kuomba msaada. Nani amekuambia?"

"Wewe nani alikuambia?"

"Bibi yangu wa Maswa. Alisema tu yule mwanamke alitangulia. Hakusema kwa nini."

Nyanjige akamweleza kwa nini, mpaka mahali pa kwato zilizomfuata bila yeye kugeuka. Mayige akauliza kama anaweza kuwasimulia watu habari hiyo, akimtaja yeye kwa jina.

"Simulia. Lakini kwanza nionyeshe ubao huu unajuaje kwamba nimesimama."

Mayige akaleta bisibisi, akaung'oa ubao. Chini yake kulikuwa na springi ya tandiko la baiskeli na nyaya mbili nyembamba. Nje Joyceline aliita kwamba njaa inauma. Nyanjige alikuwa amelala kifudifudi sakafuni na gauni lake la kanisani, akiibonyeza springi kwa kidole, akilisikiliza komeo likilia huko mlangoni, kisha akaibonyeza tena.