Mguu wa Mama Pacha

Asubuhi ile Mdoe alilazwa kifudifudi kizingitini mwa nyumba yake, shati limepandishwa mabegani, akimngoja Mwanaidi aje amkanyage. Kule Handeni, upande wa Kabuku, mgongo ukikataa kunyooka huitwa mwanamke aliyezaa pacha. Anakanyaga mara tatu, anashuka, hapokei kitu. Wala hana ruhusa ya kukataa. Akikataa, basi kamwachia mtu ugonjwa kwa makusudi.

Mwanaidi alikuwa akikanyaga migongo tangu pacha wake wakinyonya. Na tangu watu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, migongo iliongezeka: kubeba miti ya kujengea, kusomba udongo, kulima shamba la pamoja. Wengi waliinuka wakicheka.

"Panda, shemeji," Mdoe alisema, mdomo mkekani. "Ila usinitwange kama kisamvu."

"Huna hata nyama ya kutwanga," alimjibu, na majirani waliokuja kutazama wakacheka.

Akaweka mguu wa kushoto. Mara akauondoa.

Chini ya unyayo palikuwa na mfupa umetokeza, katikati kabisa ya uti wa mgongo, mgumu kama fundo la mua.

"Miguu inakufa ganzi?"

Aliyejibu ni mke wa Mdoe, Zamda. "Tangu mfungo. Na akilala anatoka jasho mpaka mkeka unalowa. Si uchovu wa shamba tu? Kanyaga, dada, jua linapanda."

"Sikanyagi."

"Tumekukosea nini? Mguu kakupa Mungu, wewe unauringia!"

Mwanaidi hakumtazama Zamda. Alimtazama Hosiana, aliyesimama nyuma ya watu na jembe begani. Hosiana alikuwa mjane wa Yordani. Miaka mitatu watu walikuwa hawachoti maji naye kisima kimoja.

"Yordani alikuwa na fundo hili hili," Mwanaidi alisema. "Nililisikia. Nikadhani nikilikandamiza litarudi ndani, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Kesho yake miguu haikuamka. Mkasema mkewe kamroga. Nami nikanyamaza, mpaka tukamzika."

Zamda alikaa chini, taratibu, kando ya kichwa cha mumewe.

Hosiana akatua jembe. "Miaka mitatu, Mwanaidi."

"Miaka mitatu."

Hosiana akawageukia wanaume. "Mnashangaa nini? Leteni kitanda. Na mtu huyu asikunjwe."

Walimbeba, Hosiana ameshika mguu mmoja wa kitanda, Mwanaidi mwingine, mpaka barabarani Kabuku, wakapata lori la mkonge linalokwenda Korogwe. Hospitalini daktari alipapasa lile fundo kwa vidole viwili, akaagiza apigwe picha ya eksirei. Akawaambia ni kifua kikuu kilichoingia kwenye mfupa, kinaula polepole. Dawa zipo, ila ni za miezi mingi, na mgonjwa alale juu ya ubao.

"Nani alimkanyaga?" aliuliza, maana mila hiyo aliijua.

"Hakukanyagwa," Hosiana alisema.

Mdoe alirudi mwaka uliofuata, mahindi yakivunwa, akiwa na fimbo, akiburura mguu mmoja. Lakini alirudi akitembea. Siku hizi Mwanaidi hapandi mgongo kabla ya kuupapasa na kuuliza habari za miguu, na wengine huwarudisha bila kuwakanyaga, wakanung'unika.

Kisimani watu humpisha Hosiana achote wa kwanza. Mwanaidi humwamkia kila asubuhi. Hosiana hujaza ndoo yake, akajitwisha, akaenda zake.