Mabango ya Mchoraji Asiyejulikana

Wiki ile ya maonyesho Mama Fremu hakuwa na nafasi hata ya kujikuna. Jumatatu, ufunguzi wa galari mbili. Jumanne, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa kwenye ukumbi wa mikutano. Jumatano, kuwatembelea wasanii kwenye karakana zao, na hivyo hivyo hadi Jumapili. Alikuwa mfamasia, na mara moja kwa mwaka alimwachia msaidizi wake duka la dawa, akavaa viatu bapa na kwenda kutafuta picha za kununua. Jina la Mama Fremu alipewa na majirani, maana nyumbani kwake ukitaka kuwasha taa lazima kwanza upapase ukuta mzima kutafuta swichi katikati ya michoro.

Jumanne, saa tano asubuhi, alikata kona kwenye safu ya tatu ya vibanda, miguu ikagoma.

Ukuta mzima ulikuwa umejaa mabango ya zamani ya maduka, yaliyokatwa kwa msumeno na kuungwa upya kwa skrubu. Nusu ya kichwa kilichonyolewa ilikuwa juu ya nusu ya cherehani. Neno MKATE lilikosa herufi ya mwisho. Pembeni palikuwa na kibandiko chenye jina la msanii kwa herufi nene, na chini yake: "Mabango ya kuokotwa. Mchoraji hajulikani."

Vile vichwa alivijua. Sikio la kushoto lilikaa chini kidogo kuliko la kulia, na baba yake alichora hivyo kwa makusudi, akisema binadamu hajapimwa kwa rula. Tangu darasa la pili hadi la saba, yeye ndiye aliyemshikia ngazi.

Mwenye galari alimsogelea akitabasamu. "Naona kazi imekugusa."

"Nani kaichora?"

"Msanii wetu ni yule pale, mwenye ndevu."

"Sijauliza aliyekata. Nimeuliza aliyechora."

"Aa, hao ni mafundi wa mitaani tu, mama. Hakuna anayewajua."

"Mimi namjua. Leo asubuhi nimemwacha nyumbani anakunywa chai."

Tabasamu likamganda mwenye galari. Msanii alisikia, akaja, akaeleza kwa upole kwamba aliyakuta kwa muuza vyuma chakavu, yakisubiri kuyeyushwa. "Nimeyaokoa, mama."

"Kwa msumeno?"

Hakungoja jibu. Alitoka nje, akampigia kaka yake simu pale pale kwenye maegesho, bila hata salamu. "Nani kauza mabango ya baba?"

"Unaniuliza mimi? Mwaka juzi, baba akiwa amelazwa kwa ajili ya macho, nani alitaka banda la nyuma ligeuzwe stoo ya picha anazonunua?"

"Nilisema takataka zitolewe."

"Nikakuuliza, na mabango ya baba yaliyomo humo je? Ukasema, toa vyote. Ulikuwa unakimbilia maonyesho."

Alikata simu. Hasira haikumtoka, ilihama tu, ikaja kumkalia yeye mwenyewe kifuani. Jumatano hakwenda kwenye karakana yoyote. Alhamisi alishinda kitandani, kila aliyempigia simu akijibiwa kwa mkato. Ijumaa asubuhi alimweleza baba yake yote, hadi lile la "toa vyote". Mzee alisikiliza bila kumkatiza, kisha akaomba kofia yake.

"Nipeleke nikaone."

Kwenye ukumbi alisimama pua ikikaribia kugusa rangi. Alipitisha kidole mahali ambapo msumeno ulikuwa umepita, akainama kwenye kibandiko, akasoma kwa sauti. "Hajulikani. Miaka hamsini nimechora nusu ya maduka ya mji huu. Hajulikani."

"Mzee, kwangu hii ni heshima," msanii alianza.

"Yule wa vyuma chakavu, ulimuuliza nani kachora?"

"Hapana."

"Basi usiandike hajulikani. Andika hukuuliza."

Mama Fremu akamgeukia mwenye galari, akadai kibandiko kibadilishwe papo hapo. Akaambiwa vitabu vya maonyesho vimeshachapwa, wangeangalia baadaye. Aliposikia neno baadaye, damu ilimchemka. Alisimama mbele ya kazi ile kama mlinzi, na kila aliyesogea akamwambia jina la baba yake, mtaa wake, na maduka aliyoyachorea. Watu walijaa. Wengine walipiga picha. Mwenye galari alivumilia dakika arobaini, halafu akatuma mtu akachape kibandiko kipya.

Mzee alivaa miwani, akalisoma jina lake lote. Hakutabasamu.

Garini, Mama Fremu aliendesha hadi taa ya tatu ndipo akasema. "Baba, nisamehe."

"Yule kijana hakunijua," alisema mzee akitazama dirishani. "Wewe je?"

Magari ya nyuma yalipiga honi, taa ilikuwa imeshakuwa ya kijani.

Jumamosi mzee hakula mezani. Jumapili kaka alikuja na gari, na baba yao akatoka chumbani na mkoba wa nguo, redio, na brashi zake zimefungwa kwenye kitambaa. Mama Fremu alimzibia njia mlangoni.

"Nitazishusha zote, Baba. Hata leo hii."

Mzee alizitazama zile kuta, picha moja baada ya nyingine, kama mtu anayezisalimia.

"Usizishushe. Hizo zina kosa gani?"

Akampita, akaingia kwenye gari, akaufunga mlango mwenyewe kwa nguvu ambayo bintiye hakujua kama bado anayo.