Saa Sabini na Mbili

Ukurasa wa tisa wa mkataba wetu wa bima ulieleza dhoruba ni nini: upepo na mvua, pamoja na uharibifu wote unaotokea ndani ya saa sabini na mbili tangu uharibifu wa kwanza. Kitakachoanguka baada ya hapo kimejiangukia chenyewe. Mimi ni mwoka mikate, sikujua kwamba dhoruba nayo hupigiwa kengele ya kufunga kazi.

Upepo uliezua paa la stoo yetu ya unga Jumatatu saa nne asubuhi. Hilo hata barua ya kampuni ya bima ilikiri. Chumba cha tanuri kina paa la zege, kwa hiyo mimi na wifi yangu tuliendelea kuoka, maana wateja hawali pole. Alhamisi asubuhi ukuta kati ya stoo na tanuri, uliokuwa umelowa chapachapa, ukatuangukia. Nilimfukua wifi kwenye matofali na unga, mweupe kuanzia kope hadi kisigino, nikamkimbiza zahanati. Nilipokumbuka kuwapigia simu watu wa bima, ilikuwa saa saba mchana.

Basi wakaandika saa saba. Kwao, ukuta ulikuwa umechelewa kuanguka kwa saa tatu. Bila fidia ya ukuta ule, kazi yetu ya miaka kumi na sita ilikuwa imekwisha, na niliwaambia hivyo kwa sauti ambayo jirani zangu wanaijua. Wakamtuma mkadiriaji wao wa hasara, mwanamume mpole mwenye viatu visafi kupita kiasi.

Akatazama kifusi, ambacho mkataba ulitukataza kukigusa, akauliza kama tuna ushahidi wa saa. Nikaanza kumweleza habari za zahanati, ambako tuliandikishwa saa tano, na nikasikia mwenyewe kwamba najichimbia shimo. Wifi, mkono ukiwa kwenye bandeji, akanikatiza.

"Mwambie atoe matofali mlangoni mwa tanuri."

Niseme ukweli kuhusu wifi. Kila trei inapoingia tanurini, huandika kwa chaki kwenye mlango wa chuma: nini, saa ngapi. Ikitoka, anakata mstari. Nimemtania miaka yote hiyo, nikimuuliza anamwandikia nani, kwani mkate unajua kusoma? Mimi nina pua, inanitosha.

Mkadiriaji akavua koti, akatoa matofali moja moja kwa mikono yake. Mlango ukatokea. Mistari yote ilikuwa imekatwa isipokuwa wa mwisho: skonzi, saa tatu na nusu. Akafungua. Trei ilikuwa bado ndani, skonzi ishirini na nne, nyeusi tii.

Akauliza zinakaa dakika ngapi.

"Ishirini," wifi akasema. "Zilitakiwa kutoka saa nne kasoro dakika kumi. Mwenye kuzitoa alikuwa chini ya ukuta."

Mkadiriaji alitazama trei, akatazama bandeji. Akapiga picha za mlango, kisha akaandika kwenye fomu yake, akanigeuzia nisome: paa na ukuta, dhoruba moja. Nililia, sina haja ya kuficha, na aibu ya miaka kumi na sita ya utani ilikuwa ndani ya machozi hayo.

Wifi akamuuliza kama amemaliza na mlango. Akaitikia. Basi wifi akatoa kipande cha chaki mfukoni mwa aproni, akakata mstari.

"Sasa zimetoka," akasema.