Mkono Uliokwenda Kliniki Peke Yake

Itambulike kwa wakazi wa pande zote mbili za Ghuba ya Mwanza, wakubwa kwa wadogo, kwamba hewa ya ziwa letu imeokolewa. Aliyeiokoa ni Bibi Kokulinda wa Kamanga. Ameiokoa kwa kukaa nyumbani.

Hakuchagua. Kiharusi kilimpata mwezi wa tisa, akiwa kwenye cherehani yake ya mkono, katikati ya kola ya sare ya shule. Kilimwachia mdomo, miguu na mkono wa kulia unaozungusha gurudumu. Wa kushoto, unaopeleka kitambaa kwenye sindano, kikauzima. Kila Jumanne alivuka kwa kivuko kwenda hospitali mjini, na huko Wilhelmina, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliuweka mkono huo katikati ya mikono yake miwili, akaufungua kidole kimoja kimoja. Mwezi wa kumi na mbili kidole gumba kikaanza kujibu. Bibi akasema Pasaka itamkuta akishona.

Mwezi wa kwanza hospitali ikapata mradi. Wagonjwa wa kiharusi wafanye mazoezi nyumbani mbele ya kishikwambi, ili magari na vivuko visitoe moshi kwa ajili yao. Kila safari isiyofanyika iliandikwa kwa kilo za hewa ukaa. Bibi aliuliza kama kivuko kimeacha kwenda. Aliambiwa kinakwenda kama kawaida, ila yeye hayumo, kwa hiyo moshi wake umeokolewa. Akaitikia kama watu wanavyoitikia matangazo marefu kanisani.

Jumanne ya kwanza, saa nne asubuhi, kishikwambi kiliegemezwa kwenye kopo la majani ya chai. Daktari aliyerekodiwa akatabasamu, akamwomba Bibi anyanyue kikombe kwa mkono wa kushoto na kumwonyesha.

Bibi alikataa. "Nimpe daktari kikombe kwa mkono wa kushoto? Amenikosea nini?"

Mjukuu wake, Precious, alimweleza kwamba ile ni picha tu.

"Ni picha ya mtu mzima," alisema Bibi.

Kishikwambi kikaandika kwamba mgonjwa hajashiriki. Akikosa mara tatu, anaondolewa kwenye mradi.

Jumanne ya pili mkono wa kushoto uliondoka. Bibi alikuwa anakunywa uji. Mkono ulijichomoa kwenye gauni, ukashuka mezani, ukatokea mlango wa uani. Ulikwenda polepole kwa sababu ulijivuta kwa kidole gumba tu. Kivukoni mkata tiketi aliupitisha bure, kama mtoto wa mgongoni. Masalu, muuza nyanya, aliubeba kwenye tenga lake hadi ng'ambo na kuuliza hali ya mwenyewe. Hospitalini ulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha mazoezi, kiganja juu, hadi saa tisa. Chumba kilikuwa kimefungwa. Ndani mlikuwa na maboksi ya vishikwambi. Wilhelmina alikuwa amehamishiwa ghorofani kutazama skrini. Mkono ulirudi kwa kivuko cha saa kumi, ukajipachika, na Bibi akaupaka mafuta ya mgando. Ikawa hivyo kila Jumanne.

Hata hivyo, kila Jumanne saa nne kishikwambi kiliona mkono wa kushoto ukinyanyua kikombe. Mwanzoni ulitetemeka kwa adabu. Wiki ya tatu ulimimina chai. Wiki ya saba ulirusha limau juu na kulidaka. Msimulizi hana maelezo kuhusu jambo hilo. Kinachojulikana ni kwamba Precious alikuwa nyumbani akisubiri kwenda kidato cha tano, na kwamba huko bwenini aliwahi kuitikia majina ya watoro watatu kwa sauti tatu, mwalimu wa zamu akaenda kulala kwa amani.

Mwezi wa nne ikaja barua. Bibi Kokulinda amepona kwa asilimia mia moja. Faili limefungwa. Kwenye ukuta wa hospitali likatundikwa bango la kilo zote zilizookolewa, na juu yake picha ya mkono na limau likiwa hewani.

Wilhelmina alikuja Jumamosi, siku yake ya mapumziko.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia nimepona."

Wilhelmina aliushika mkono. Vidole vilikuwa vimejikunja vikakauka kama mguu wa kuku. Alijaribu kuvifungua kwa muda mrefu. Bibi alitazama cherehani. Kidole gumba hakikujibu.

"Nilikuwa nauona kwenye benchi," alisema Wilhelmina. "Kila Jumanne, kupitia dirisha la ghorofani. Lakini kishikwambi kilisema uko nyumbani unarusha limau. Nikaamini kishikwambi."

Kisha akamgeukia mjukuu. "Na wewe. Mkono wa kwenye bango hauna hata kunyanzi moja. Ulete hapa."

Hapa msimulizi anaomba radhi, kwa kuwa ameshikwa kifundo cha mkono na hana pa kukimbilia. Precious ni mimi. Nilivaa gauni la Bibi, nikanyanyua kikombe. Mara ya kwanza nilifanya hivyo ili asiondolewe. Mara zilizofuata nilifanya kwa sababu kishikwambi kilinisifu, na shuleni hakuna aliyewahi kunisifu.

Nilimuuliza Wilhelmina kama faili linaweza kufunguliwa. Alisema mradi unafungua faili kwa kiharusi kipya tu.

"Siwezi kuugua tena kwa ajili ya faili," alisema Bibi. Hakunichapa, hakunisema. Aliniambia niifunike cherehani isiingie vumbi, nikaifunika.

Jumanne mkono wake uliondoka kama kawaida. Chumba bado kimefungwa. Kwa mujibu wa kumbukumbu za hospitali, upo mkono mmoja Kamanga uliopona kiharusi kabisa. Ni huu wangu wa kushoto, ninaoandikia. Haujawahi kuugua.