Maneno ya Mwisho ya Katekista Nicholas

Katika kanisa la Mchungaji Clifford, ufuoni mwa ziwa huko Homa Bay, hapakuwa na mtoto asiyeijua kanuni hii: aliyemkana Bwana kwa kiapo ataketi benchi la mlangoni Jumapili sita, asishike kikombe cha Ushirika, hata kama aliapa kwa kuogopa kifo. Waliirithi kwa wamisionari, wala hakuna aliyethubutu kuipunguza.

Mchungaji mwenyewe ndiye aliyemketisha Millicent hapo miaka mitatu iliyopita. Mama huyo muuza omena, dagaa wa ziwa hilo, alikuwa kwenye kisiwa kimoja ziwani siku ile wafuasi wa mtu aliyejiita Nabii walipofunga makanisa na kumlazimisha kila mwumini aape kwa jina la bwana wao. Millicent aliapa akiwa na mtoto mgongoni. Aliporudi bara alijieleza mbele ya wazee, akaketi Jumapili zake sita, akamaliza. Siku ile kisiwani, Katekista Nicholas yeye alikataa kuapa. Walimfunga mawe kiunoni, wakamzamisha.

Mchungaji Clifford naye alikuwako kisiwani, naye aliapa. Hilo hakumwambia mtu.

Sasa kanisa jipya lilikuwa limekamilika na kupewa jina la Nicholas, na Askofu alikuwa anakuja Jumapili kuliweka wakfu. Mchungaji aliagizwa kuandika habari za shahidi huyo. Siku ya Alhamisi alimpelekea Millicent karatasi aliyoiandika, pale alipoanika omena.

"Nisomee," Millicent alisema, akiendelea kugeuza omena wake juu ya wavu.

Akasoma hadi mwisho.

"Pasta, hapo Nicholas anakufa kama bubu. Hakusema kitu?"

"Aliomba."

"Na kabla ya kuomba? Mimi nilikuwa hatua tano tu."

Mchungaji akaikumbuka siku ile. Alipokwisha kuapa, wale vijana wa Nabii hawakumsadiki. Walimkaba kola wakisema kwamba mchungaji huapa kwa mdomo tu, naye atoswe. Ndipo Nicholas, mikono yake ikiwa imefungwa, alipopaza sauti: "Mwacheni! Ameapa, mmemsikia wote. Sheria yenu inasema aliyeapa haguswi." Wakamwachilia.

"Mbona hukunishtaki, nyar Kasipul," Mchungaji aliuliza, akimwita kwa jina la kwao alikozaliwa, "hata siku nilipokuketisha mlangoni?"

"Marehemu alikuokoa, nami nikutose? Nilingoja useme mwenyewe. Lakini ukimwekea jiwe la ukumbusho huku umeyameza maneno yake, Pasta, utakuwa umemzamisha mara ya pili."

Asubuhi ya Jumapili, Mchungaji alipowaarifu wazee kwamba ataungama kiapo chake, Elijah, mkuu wao, alishika kichwa.

"Askofu amefika, ng'ombe amechinjwa, nawe unataka kutuaibisha?"

"Ng'ombe ataliwa tu, Elijah. Hakuna atakayemrudisha zizini kwa sababu yangu."

Akasimama mbele ya watu, akasoma habari yote, pamoja na kiapo chake na sauti ya Nicholas iliyomtetea. Kisha alivua kola yake, akaiweka mkononi mwa Askofu, akatembea hadi mlangoni. Kila hatua ilimwia nyepesi kuliko iliyotangulia.

Millicent akageuka kutoka kiti cha nyuma. "Keti upande wa ukutani," alimnong'oneza. "Mguu wa benchi upande huu ni mfupi. Ukisinzia utaanguka, watoto wakucheke."

Mchungaji akacheka, machozi yakimtiririka.

Jumapili sita alisikiliza mahubiri ya wengine, naye kwa miaka thelathini alikuwa amesikiliza yake tu. Wavuvi waliokuwa wakimwogopa walimpa mkono wakiingia. Kila asubuhi alimshukuru Mungu kwa uhai aliotetewa, na kwa mwanamke aliyemngoja bila kinyongo. Hakuomba apunguziwe hata siku moja.

Jumapili ya saba jina lake liliitwa bila cheo. Akaenda Mezani, akapiga magoti kati ya wavuvi wawili, akapewa kikombe, akanywa.